Tangazo la kubadili matumizi ya ardhi likibandikwa Tanga, siku zako zimeshaanza kuisha

Mwana-Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Nimeuandika kwa ajili ya watu wa Tanga Jiji, ila wa Bagamoyo, Muheza na Korogwe wasome pia maana sheria ni hiyo hiyo.

Kuna jambo linaniuma kila nikiliona. Mtaani watu wanajua kiwanja cha jirani kimebadilishiwa matumizi siku lori la kokoto linapomwaga mzigo. Hapo ndipo wanapokimbilia kwa mwenyekiti wa mtaa, wanampigia diwani, wanatafuta mwandishi wa habari. Wanajibiwa kwamba suala lilishapita kwenye vikao, na wakifuatilia wanakuta kweli lilipita. Tangazo lilikuwepo, muda wa maoni ulikuwepo, na kwenye faili hakuna karatasi hata moja ya mwananchi. Kamati ilikaa na faili lenye maombi, ramani na ripoti ya wataalamu, pingamizi sifuri. Wewe ungekuwa mjumbe ungeamuaje?

Ninachotaka tukielewe ni hiki: nguvu ya mwananchi iko kati ya siku ya tangazo na siku ya mwisho ya kupokea maoni. Nje ya hapo unaweza kupiga kelele, lakini gharama inakuwa kubwa mara nyingi zaidi na matumaini madogo.

Nianze na nani anaamua nini, kwa sababu wengi wanachanganya. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inaifanya halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji. Kwetu ni Halmashauri ya Jiji. Kuna mpango kabambe, ule mkubwa wa mji mzima unaosema upande huu viwanda, huku makazi, huku mji utapanukia. Huo unaandaliwa na halmashauri, wadau wanashirikishwa, na mwenye kuuidhinisha ni Waziri mwenye dhamana ya ardhi. Chini yake kuna michoro ya kina, ile tunayoiita TP, inayoonyesha kiwanja kimoja kimoja, barabara, shule, eneo la wazi. Halafu kuna maombi ya mtu binafsi anayetaka kiwanja chake kitoke makazi kiwe biashara, gereji, ghala au kituo cha mafuta. Haya ya tatu ndiyo yanayotugusa kila siku, na ndiyo yanayopita kimya kimya kuliko yote.

Maombi yakishapokelewa yanakaguliwa na maofisa mipango miji, yanaingia Kamati ya Mipango Miji na Mazingira ambayo wajumbe wake ni madiwani, ndipo yanaendelea ngazi za juu. Barua yako ikikuta faili bado halijafika kwenye kamati, inasomwa pamoja na maombi. Ikikuta kamati imeshakaa, inapigwa muhuri na kuwekwa nyuma ya faili.

Sasa tangazo lenyewe. Nendeni mkaangalie ubao wa ofisi yoyote ya mtaa hapa mjini. Utakuta karatasi ya A4 imebanwa kwa pini, nusu yake imefunikwa na tangazo la chanjo, pembeni kuna ratiba ya mashindano ya vijana. Ukiinua ile ya chanjo unasoma: kusudio la kubadili matumizi, kiwanja namba fulani, kitalu fulani, kutoka makazi kwenda makazi na biashara. Hakuna jina la mtaa ambalo watu wanalitumia, hakuna "karibu na msikiti" wala "nyuma ya shule". Ni namba tupu. Mama anayeuza vitumbua hatua kumi kutoka hapo anaipita kila asubuhi na haijui kuwa inazungumzia ukuta alioegemezea meza yake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua namba ya kiwanja chako na za majirani zako. Angalia hati, ofa, au stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi. Andikeni mahali, kaeni nazo. Siku tangazo likitoka mtalitambua kwa sekunde moja.

Jambo la pili ni tarehe. Tangazo linakuwa na tarehe ya kutolewa na idadi ya siku za kupokea maoni. Piga picha kwa simu siku ile ile uliyoliona, picha ionyeshe ubao wote, isiwe karatasi peke yake. Kesho linaweza kufunikwa au kuchanwa, na siku ya kubishana kwamba tangazo lilikuwepo au halikuwepo, picha yenye tarehe inasema zaidi ya mashahidi watatu.

Nitaendelea na hesabu ya siku, kuna ndugu wameshaanza kuuliza.

Kange Stendi

Shukrani mkuu. Hebu fafanua hizo siku. Tangazo likisema siku 14, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa? Na tarehe ya tangazo yenyewe ni siku ya kwanza?

Mwana-Ngamiani

Swali zuri. Kanuni iko kwenye Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 60. Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi, unaanza na inayofuata. Wikiendi zilizo katikati zinahesabiwa kama siku nyingine. Ila siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya kitaifa, muda unasogea hadi siku inayofuata ya kazi.

Chukua tangazo la Jumatatu tarehe 2 lenye siku 14. Siku ya kwanza ni Jumanne tarehe 3, ya kumi na nne ni Jumatatu tarehe 16. Barua iwe masjala siku hiyo kabla ofisi haijafungwa. Tangazo likitoka Jumamosi tarehe 7, siku ya kumi na nne inaangukia Jumamosi tarehe 21, kwa hiyo una hadi Jumatatu tarehe 23.

Lakini nawaomba sana, hiyo Jumatatu iwe akiba ya mtu aliyeuguliwa, isiwe mpango wako. Ukipeleka barua Ijumaa mchana wa siku ya mwisho utakuta mhusika ameenda swala, mwingine ana kikao, na masjala wanakwambia uje Jumatatu. Sikukuu za Idd ndizo za kuangalia zaidi, maana zinafuata mwandamo. Peleka barua wiki moja kabla. Na kama tangazo limetaja tarehe kamili ya mwisho, fuata tarehe hiyo, usianze kubishana nalo kwa hesabu zako.

bintiRaskazone

Mimi nilienda ofisini kuomba kuona mchoro, nikaambiwa niandike barua ya kuomba taarifa kwanza. Hiyo inakaaje kisheria?

Mwana-Ngamiani

Dada yangu, hapo umegusa penyewe, na ndipo watu wengi wanapokwama bila kujua.

Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya 2016. Ni sheria nzuri, inakupa haki ya kuomba taarifa iliyoko kwenye ofisi ya umma. Lakini inaipa ofisi hadi siku 30 za kukujibu. Weka hiyo kando ya tangazo la siku 14 au 21. Ukiomba mchoro leo na ukasubiri ujibiwe ndipo uandike pingamizi, jibu linaweza kukufikia kihalali kabisa wakati muda wa maoni umeshafungwa. Hakuna aliyevunja sheria, na wewe umekosa nafasi.

Kwa hiyo usisubiri. Siku ile ile unayoomba taarifa, andika pia barua ya maoni. Sema: nimeona tangazo la tarehe fulani kuhusu kiwanja fulani, mimi ni jirani wa kiwanja namba fulani, napinga au nina hoja zifuatazo, na nimeomba kuona mchoro kwa barua ya tarehe fulani, nikiupata nitaongeza hoja. Hiyo imekuingiza kwenye faili ndani ya muda. Nyongeza itafuata.

Na kabla ya kuandika barua yoyote ya taarifa, uliza kwa heshima kama unaweza kuuangalia mchoro pale pale mezani. Maofisa wengi wanakubali ukiwaendea asubuhi na namba kamili ya kiwanja mkononi. Ukija na "ile nyumba ya kona" utasumbuana nao.

Fundi Pongwe

Mkuu kwa uzoefu wangu barua za wananchi hazisomwi. Mwenye hela ndiye anayepata. Huku kwetu Pongwe na Maweni tumezungukwa na machimbo ya mawe ya chokaa na viwanda vya saruji, tunajua tunachosema.

Mwana-Ngamiani

Kaka, sitakubishia uliyoyaona. Nitakwambia niliyoyaona mimi kwenye barua nilizosaidia majirani kuandika. Barua inayosema "wananchi hatutaki, tunaonewa" kweli haina kazi, kwa sababu mjumbe wa kamati hana cha kuifanyia. Barua inayosema barabara ya mbele ya kiwanja ni nyembamba kiasi kwamba lori la mafuta likikata kona litapanda kibaraza cha nyumba namba fulani, na kwamba mtaro wa maji ya mvua unapita chini ya uzio unaopendekezwa, hiyo inamlazimu mtu atoke ofisini aende kuangalia. Akishatoka, mambo yanabadilika. Hoja iwe ya kupimika: upana wa barabara, mtaro, umbali hadi shule au kisima, kelele za usiku, maegesho. Pimeni kwa futi kamba, pigeni picha, andikeni vipimo.

Na msiandike barua moja yenye sahihi mia mbili mkadhani ndiyo nguvu. Andikeni barua tano za majirani watano, kila mmoja na jambo lake analolijua kutoka kwenye mlango wake.

Kwa kesi yenu ya machimbo na viwanda kuna mlango mwingine msiuchanganye na huu. Tathmini ya athari kwa mazingira iko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, inasimamiwa na NEMC, taasisi ya serikali ya usimamizi wa mazingira, na ina tangazo lake na muda wake. Kituo cha mafuta nacho kinahitaji kibali cha EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mtu anaweza kutoa maoni kwenye tathmini ya mazingira akarudi nyumbani ameridhika, kumbe faili la matumizi ya ardhi linatembea peke yake kwenye jengo jingine. Barua ya mlango mmoja haihami yenyewe kwenda mlango wa pili. Peleka kote.

Mzee Duga

Mwanangu, nimesoma yote, Mungu akubariki. Swali langu: huko kwa wenzetu wanafanyaje? Maana sisi tunaambiwa tukasome ubao. Nyumba yangu ina anwani, ina namba, bili za maji zinanifikia. Kwa nini tangazo lisinifikie?

Mwana-Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Umeuliza jambo ambalo nimelifuatilia kwa muda.

Tanga ina mji dada Marekani, Toledo, katika jimbo la Ohio. Sheria ya jimbo hilo kuhusu kubadili kanda za matumizi ya ardhi mjini inataka baraza la mji lifanye mkutano wa hadhara, na tangazo litoke kwenye gazeti siku 30 kabla. Ndani ya siku hizo 30 maandishi ya pendekezo na ramani zinakaa kwa karani wa baraza, yeyote anakwenda kuzisoma. Mabadiliko yakigusa viwanja 10 au pungufu, karani anatuma barua kwa posta siku 20 kabla ya mkutano kwa wenye viwanja vilivyopakana na vya ng'ambo ya barabara. Yaani kadiri mabadiliko yanavyokuwa madogo na rahisi kupita bila kuonekana, ndivyo jirani anavyopewa taarifa ya mkononi. Jambo jingine nililolipenda: baraza likitaka kwenda kinyume na mapendekezo ya tume ya mipango, linahitaji kura za robo tatu ya wajumbe wake.

Jimbo la Oregon limekwenda mbali zaidi. Tangu 1973 kila mji kule unatakiwa uwe na mpango wa matumizi ya ardhi unaokubaliana na malengo ya jimbo. Mji ukitaka kuubadili, unaijulisha idara ya jimbo siku 35 kabla ya kikao cha kwanza cha kusikiliza ushahidi. Mwaka 1998 wapiga kura walipitisha sharti kwamba mabadiliko ya kanuni yanayoweza kupunguza matumizi ya kiwanja chako yakujie kwa barua, kati ya siku 20 na 40 kabla ya kikao. Uamuzi ukishatoka, rufaa kwenye baraza maalumu la rufaa za ardhi ni ndani ya siku 21 tu.

Lakini mzee, Oregon wana ukali mmoja ambao ningependa watu wetu waufahamu. Kwenye maombi ya kiwanja kimoja kimoja, hoja ambayo haikutolewa wakati wa kusikilizwa huwezi kuja kuiibua kwenye rufaa. Ulinyamaza, umeiachia. Hata wenzetu wenye barua za posta, anayelala anapoteza.

Na kuhusu barua kukufikia nyumbani, nakuunga mkono kwa asilimia mia, ningependa madiwani wetu walifikirie. Ila kuna kazi ya kwetu pia. Barua za namna hiyo hutumwa kwa jina lililoko kwenye daftari la kodi. Nyumba ngapi za Ngamiani bado zina jina la babu aliyefariki zamani, warithi kumi na mmoja wametawanyika Dar, Mombasa na Zanzibar? Barua ingeandikwa kwa marehemu. Wenye nyumba za urithi, malizeni mirathi, badilisheni majina.

Kange Stendi

Mpangaji je? Mimi sina kiwanja, nina fremu ya duka nimepanga.

Mwana-Ngamiani

Andika. Tangazo linaalika maoni ya yeyote mwenye hoja. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 3, imeweka miongoni mwa misingi yake wananchi washiriki katika maamuzi yanayohusu ardhi wanayoikalia au kuitumia. Wewe unaitumia. Eleza tu uko wapi na utaathirikaje, ambatisha nakala ya mkataba wa pango.

Na hili la nani anahusika litazidi kuwa zito Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani hapa hapa kwetu. Bandari imepanuliwa. Ardhi iliyokuwa minazi na mihogo inatafutwa kwa maghala na maegesho ya malori. Mimi sipingi maendeleo hata kidogo, watoto wetu wanahitaji hizo kazi. Nataka jirani aulizwe kabla, na ajibu kwa wakati.

bintiRaskazone

Na kama mtu amechelewa kabisa, uamuzi umeshatoka?

Mwana-Ngamiani

Milango inabaki, ila ni mizito. Unaweza kwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Tanga ipo hapa mjini, kuomba mapitio ya uamuzi kama utaratibu ulikiukwa. Unaanza kwa kuomba kibali cha mahakama, na muda wa kuomba ni miezi sita tangu uamuzi. Kesi ya kawaida ya madai dhidi ya halmashauri inahitaji kwanza notisi ya siku 90. Tafuta wakili mapema, miezi sita ukiihesabu kwa kusubiri majibu ya barua inaisha upesi sana. Na ona hapo: hoja yako kubwa mahakamani itakuwa kwamba hukusikilizwa. Aliyeandika barua ndani ya muda ikapuuzwa ana hoja hiyo mkononi. Ambaye hakuandika ataulizwa alikuwa wapi.

Fundi Pongwe

Nimekuelewa sasa. La mwisho: nikipeleka barua masjala wakakataa kugonga muhuri kwenye nakala yangu?

Mwana-Ngamiani

Nenda na nakala tatu kaka. Moja wabaki nayo, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe urudi nayo, ya tatu mpelekee Mtendaji wa Kata naye agonge. Ukikutana na wa kukukatalia, usigombane, muulize jina na cheo uandike nyuma ya nakala pamoja na saa. Kisha nenda Posta siku hiyo hiyo, itume kwa rejista kwa Mkurugenzi wa Jiji, ubandike risiti kwenye nakala yako. Ndiyo maana nilisema wiki moja kabla: hiyo wiki ni ya Posta.

Mwenye picha ya tangazo lolote lililoko kwenye ubao wa mtaa wake wiki hii aiweke hapa chini, tusaidiane kuisoma.